Nani Aweke Pango Uwanjani?

Hotuba kwenye kikao cha wazungumzaji wa Kiswahili, Columbus, Ohio

Mwenyekiti wetu, Baba Mchungaji, Sheikh wetu, wazee wa Bukavu na Uvira, wazee wa Kibajuni, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambaye hana salamu hata moja kati ya hizo, habari za jioni.

Nimeitwa nizungumzie jambo lililotutia maneno kwa muda sasa. Wapo wenzetu wanaotaka tuiandikie serikali iweke taa za Ramadhani katikati ya mji kama inavyoweka mti wa Krismasi. Ndugu zetu Wakatoliki nao wakasema, ikiwa ni hivyo, basi na pango la Noeli liwekwe, lenye Mtoto, Mama na Yosefu, maana wamechoka na mti wenye taa tu. Na wapo wengine, Waislamu kwa Wakristo, wanaosema tuache kabisa: sisi ni wageni, tusijiingize kwenye ugomvi wa wenye nchi.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiwepo wa kuutafuta. Tuombe nafasi, basi. Tusiombe serikali ituwekee kitu chochote cha dini yetu, na hata ikitaka kutuwekea kwa hiari yake, tukatae kwa adabu. Vitu tuvinunue wenyewe, tuvibebe wenyewe, tuandike jina letu juu yake, na siku zikiisha tukavishushe wenyewe. Na tukishaomba hivyo, tukubali kwamba jirani yetu pale uwanjani anaweza kuwa mtu ambaye hatungemkaribisha chai. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nitaanza nalo, kwa sababu lilitokea hapa hapa mjini kwetu.

Ule uwanja unaolizunguka jengo la Bunge la jimbo, mnaoupita kila mkienda kazini, ni ekari 10 za mali ya umma. Kwa zaidi ya miaka mia watu wamekuwa wakikusanyika pale kwa mikutano, maandamano na sherehe, za dini na zisizo za dini, na sheria ya Ohio inautambua kuwa mahali pa watu kujadili mambo yao. Ipo bodi inayotoa vibali. Mwishoni mwa 1993 bodi hiyo ilifikiria kuzuia mapambo yote ya sikukuu, kisha ikabadili mawazo. Serikali ikaruhusiwa kuweka mti wake wa Krismasi kama ilivyozoea. Tarehe 29 Novemba rabi mmoja, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, akakubaliwa kuweka kinara cha Hanuka, sikukuu yao ya taa. Siku hiyo hiyo ikaingia fomu nyingine mezani: Ku Klux Klan wanaomba kuweka msalaba kuanzia tarehe 8 hadi tarehe 24 Disemba.

Vijana, hawa Klan ni kundi la wazungu lililozaliwa Tennessee baada ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Waliua watu weusi, wakachoma nyumba zao. Msalaba wao walikuwa wakiuwasha moto usiku, na kila aliyeuona alijua anaambiwa nini: hama, au utakufa. Waliwachukia Wayahudi, waliwachukia Wakatoliki. Hao ndio walioleta fomu.

Bodi ikawakatalia, ikisema serikali isije ikaonekana inaikumbatia dini. Klan wakaenda mahakamani. Wakashinda, na msalaba ukasimama pale kabla ya Krismasi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 1995 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema bodi ilikosea. Jaji Scalia aliandika kwamba mtu binafsi akitoa kauli ya dini kwenye uwanja wa umma ulio wazi kwa kila mtu, kwa masharti yale yale, kauli hiyo inabaki yake. Haigeuki kuwa ya serikali. Jaji Thomas, mtu mweusi pekee kwenye mahakama ile, alikubaliana na matokeo, lakini akaandika ukurasa wake mwenyewe kueleza kwamba msalaba wa Klan ni alama ya ubaguzi na chombo cha kutisha watu, tena dini ndani yake ni kidogo sana. Majaji wengine waliokubali, akiwemo O'Connor na Souter, wakaongeza kwamba serikali inaweza kudai kibao kikubwa kinachosomeka, kueleza kuwa kitu hiki kimewekwa na watu binafsi.

Ninafundisha darasa la uraia, na kila nikifika kwenye kesi hii, kalamu zinasimama. Mama mmoja wa kutoka Kivu Kusini, aliyekimbia kijiji chake na watoto na hana utani na mambo ya vitisho, aliniuliza: "Mwalimu, na hao nao wanapewa kibali?" Nikamwambia ndiyo, mama, nao. Akasema: "Basi hicho kibali chenu hakina maana." Nilimwelewa kabisa. Ila nilimwomba anipe nafasi nimalizie yaliyofuata. Makanisa ya hapa mjini, yaliyochukizwa na msalaba ule, nayo yaliomba vibali vya kuweka misalaba yao. Bodi, ambayo sasa isingeweza kukataa, ikaruhusu. Mlango ule ule waliopita Klan ndio waliopita waumini wa kweli kwenda kuwajibu, mchana kweupe, bila kurusha jiwe. Mama yule hakusema amekubali. Alisema atalifikiria, na mimi naliheshimu jibu hilo kuliko ndiyo ya haraka.

Sasa niwasemeshe Wakristo, hasa mnaotaka serikali ndiyo iwasimamishie pango. Twendeni Pawtucket, mji mdogo wa Rhode Island. Kwa miaka 40 au zaidi mji ule ulikuwa ukipamba bustani moja katikati ya maduka wakati wa Krismasi. Pango walilokuwa wakiliweka lilinunuliwa na mji mwaka 1973 kwa dola 1,365: Mtoto, Maria, Yosefu, malaika, wachungaji, mamajusi. Lakini halikuwa peke yake. Palikuwa na nyumba ya Santa Klausi, swala wa barafuni wakivuta gari lake, mti wa Krismasi, sanamu za chale wa sarakasi, tembo na dubu wa kuchezea, na bango la kutakiana heri za msimu. Watu wakashtaki. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba pango lingeweza kubaki. Na sehemu kubwa ya sababu ni hao tembo na dubu. Maonyesho yote yakitazamwa pamoja, walisema majaji, ni ya sikukuu ya taifa, na pango ni kipande kimoja tu cha picha hiyo.

Jaji Blackmun aliyepinga aliliona jeraha lililo ndani ya ushindi ule: mji umeshinda kesi kwa kukubali kwamba kuzaliwa kwa Yesu kumewekwa pale kama pambo la kuchangamsha biashara, lisilo na maana yake lenyewe. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Tanga, lakini niliposoma hayo niliumia kwa niaba yenu. Hori la Bethlehemu likubaliwe na sheria kwa sharti la kuzungukwa na dubu! Padri gani, mchungaji gani hapa ndani angekubali kuhubiri chini ya sharti hilo? Na lawama yote hatuwezi kuwatupia majaji. Serikali isiyo na dini ikishika kitu cha dini, inalazimika kukipunguza makali ili ihalalishe mkono wake.

Miaka 5 baadaye ikaja kesi ya Pittsburgh, na hii naipenda kwa sababu mtu anaweza kuitembea kwa miguu. Ndani ya mahakama ya Kaunti ya Allegheny kuna ngazi kuu, mahali pazuri kuliko pote kwenye jengo lile. Pale chama kimoja cha Wakatoliki kiliweka pango, na juu yake malaika ameshika utepe wenye maneno ya Kilatini yale tunayoyasikia kwenye misa, Gloria in Excelsis Deo. Hapakuwa na tembo, hapakuwa na Santa. Umbali wa jengo moja hivi, nje ya ofisi za jiji, palikuwa na mti wa Krismasi wa futi 45, na kando yake kinara cha Hanuka cha futi 18, mali ya kundi la Wayahudi liitwalo Chabad, pamoja na kibao cha meya kinachosema jiji linasalimu uhuru. Uamuzi wa Julai 1989: pango la kwenye ngazi liondoke, 5 kwa 4. Kinara kibaki, 6 kwa 3.

Najua mnavyonitazama. Ndivyo walivyotazama Wakatoliki wengi wa Pittsburgh: ya kwetu imekataliwa, ya Wayahudi imekubaliwa. Sitawatetea majaji kwa kila neno, maana hata wao hawakuweza kukubaliana wakaandika maoni mengi yanayopishana. Lakini angalieni ngazi ile. Mtu anayekwenda kusikilizwa kesi yake, mtu wa dini nyingine au asiye na dini, anapanda akielekea kwa hakimu, na kitu cha kwanza anachokutana nacho, peke yake, mahali pa heshima kuliko pote, ni tangazo la imani isiyo yake. Jaji O'Connor alikuwa ameliandika hilo tangu kesi ya Pawtucket: serikali ikiibeba dini moja, inawaambia wengine wote kwamba wao ni watu wa nje, si wananchi kamili. Mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya uhamiaji hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Na leo Pittsburgh ina pango kubwa kweli kweli, kwenye uwanja wa mbele wa jengo la US Steel, mali ya binafsi, tangu 1999. Lina kila kitu chake, na hakuna aliyelipunguzia.

Nisiwafiche: sheria imesogea. Mwaka 2022, kwenye kesi ya kocha wa mpira aliyekuwa akisali katikati ya uwanja wa shule, Mahakama ya Juu iliweka kando kipimo kile cha O'Connor, cha kuuliza kama serikali inawafanya wengine kuwa watu wa nje, ikasema majaji watazame historia na desturi za nchi. Wako kati yetu walioshangilia. Mimi ninauliza, historia ya nani? Desturi za nchi hii zilizokaa miaka mingi si taa za Ramadhani, wala si nyimbo za Kiswahili, wala si ibada za Wabanyamulenge. Ikiwa mlango wa serikali utapimwa kwa desturi, wanaoingia ni waliokwisha kuwa ndani. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwetu sisi tuliokuja juzi, ulinzi uliobaki imara ni ule wa uwanja ulio wazi kwa masharti sawa.

Ulinzi huo, mwaka ule ule wa 2022, ulipata nguvu mpya Boston. Mbele ya ofisi za jiji lile kuna milingoti, na kati ya 2005 na 2017 jiji liliruhusu vikundi vya watu kupandisha bendera mara 284 bila kumkatalia hata mmoja. Kisha akaja mtu na bendera ya Kikristo, wakamkatalia. Majaji wote 9, wa kushoto na wa kulia, wakasema jiji limekosea: ukishaufungua mlingoti kwa kila mtu, huwezi kumfungia mmoja kwa sababu ya dini yake. Baada ya hapo Boston ikabadilisha utaratibu ili bendera ziwe kauli ya jiji lenyewe. Nayo ni haki yake. Serikali ichague: ama ni mdomo wake, ama ni uwanja wetu. Kinachokatazwa ni kuugeuza kila inapomwona mtu asiyempendeza.

Gharama za uwanja wazi ni kweli. Santa Monica, California, makanisa yalikuwa yakiweka mapango 14 kwenye bustani ya kandokando ya bahari tangu miaka ya 1950. Mwaka 2011 wasioamini Mungu nao wakaomba nafasi kwa wingi, jiji likapiga bahati nasibu, wakapata nafasi 18 kati ya 21. Mwaka uliofuata jiji likafunga mlango kwa wote, na mapango yakahamia kwenye viwanja vya watu binafsi. Na Iowa, Disemba 2023, kikundi kinachojiita The Satanic Temple kiliweka sanamu yenye kichwa cha mbuzi ndani ya jengo la Bunge. Mtu mmoja akaingia akaivunja kichwa, akashtakiwa. Gavana wa jimbo lile, Mkristo tena mwenye msimamo, alisema kitu kile kinamchukiza, lakini katika nchi huru jibu la maneno mabaya ni maneno mengine zaidi. Akawaita watu waje kusali. Sikubaliani na gavana yule katika mambo mengi. Katika hili alisema sawasawa.

Tafadhali, Waislamu wenzangu, msidhani gharama hizo ni za Wakristo tu. Mwaka 1997 hilali na nyota viliwekwa kwa mara ya kwanza karibu na Ikulu ya Washington, kando ya mti wa taifa na kinara cha Hanuka, na kabla mwezi haujaisha waharibifu wakapachora swastika, alama ya Wanazi. Tukiweka fanusi zetu uwanjani, ipo asubuhi tutakayokuta moja imepasuliwa. Tuseme sasa kwamba siku hiyo tutapiga picha, tutaita polisi, na tutaweka nyingine. Na liko jambo jingine la kutupasa tahadhari. Shule za umma za New York zilikuwa na utaratibu wa kuruhusu mti, kinara cha Hanuka, na hilali na nyota, huku pango likikatazwa. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaupitisha. Wengine wetu walifurahi. Lakini hilali iliingia kwa kuhesabiwa kuwa pambo lisilo la ibada. Sheikh wetu hapa amesema mara nyingi kwamba hilali kweli si kitu cha kuabudiwa, na nakubali. Hata hivyo sipendi serikali ndiyo inifafanulie kipi katika dini yangu ni kitakatifu na kipi ni urembo. Jana ilikuwa dubu wa Pawtucket. Siku nyingine itakuwa fanusi.

Nyumbani tulikuwa tunafanyaje? Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini viwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kenya nayo imeandika kwamba hakuna dini ya taifa. Lakini nani alihitaji kuisoma Katiba ili aende Makadara siku ya Idi pale Mombasa, au Mnazi Mmoja Unguja, watoto na nguo mpya, pembea, aisikrimu, na mtoto wa Kikristo wa mtaa wa pili yumo kwenye foleni ya pembea? Maulidi ya Lamu yanajaza barabara za mji mzima. Uwanja ni wa serikali. Shughuli ni za watu. Nasema pia, kwa uchungu, kwamba huko huko nyumbani kila walio wengi mahali fulani husahau walio wachache. Anayelalamika hapa kwamba amesahauliwa, ajiulize kule kwao nani alikuwa hasikiki.

Na mambo mengine si ya serikali hata kidogo, ndipo tunapokosea kugonga mlango. Kuna jengo moja la kupanga ambalo baadhi yenu mnaishi. Ukumbi wa chini ulikuwa na mti wa Krismasi tangu Novemba hadi Januari, na hakuna aliyenung'unika. Ramadhani ilipoingia, watoto wa Kibajuni na wa Kikongo walikaa sakafuni jioni mbili wakatengeneza fanusi la karatasi ngumu, wakalibandika makaratasi ya dhahabu ya chokoleti, upande mmoja gundi imevuja na nyota imelala ubavu. Wakalitundika pale pale mti uliposimama. Kesho yake halipo, na ukutani karatasi: vitu vya dini haviruhusiwi. Vijana wakaanza kutaja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa dini na wa kusema. Hapana, jamani. Marekebisho ya Kwanza yanaifunga serikali. Mwenye nyumba hayamhusu. Yeye anafungwa na sheria ya makazi ya 1968 inayokataza kuwabagua wapangaji kwa dini. Huo ndio mlango wa kugonga. Aliyekwenda kuugonga alikuwa mzee mmoja wa kilokole kutoka Uvira, hana mtoto hata mmoja aliyeshika gundi ile. Aliingia ofisini akauliza swali moja tu: mti ulikuwa wa nini? Fanusi likarudi siku ile ile, likiwa limekunjika kidogo.

Kwa wale wanaosema sisi ni wageni, tunyamaze: wengi humu mmeshaapa uraia, na wasioapa wanalipa kodi. Kuomba kibali ni kitu cha kawaida kama kuomba leseni ya gari.

Ninachoomba kikao kikubali leo ni hiki. Barua iende kwa jina letu, iombe nafasi kwa Ramadhani ijayo, siku za kuanza na kumaliza zikiwa zimeandikwa, na kibao kikubwa chenye Kiswahili na Kiingereza kieleze ni nani ameweka. Fedha zichangwe, hata senti moja isitoke serikalini. Isiwepo sentensi ya kulaumu mti wa Krismasi wala ya kuomba mtu mwingine anyimwe. Na tukubaliane kwa kauli, katibu aandike, kwamba tukipangiwa kando ya watu tusiowapenda hatutaiondoa barua yetu.

Rasimu anayo katibu. Wakatoliki hawajasema kama pango liingie kwenye barua hii hii au waandike ya kwao kwa Disemba. Mwenyekiti, naomba tuwasikie wao kwanza, kisha Sheikh.